Maranda ya Watu wa Kinu

Kila Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mpimaji wa kiwanda cha vigae alifungua kabati la mashine ya eksirei, akachukua kichujio cha kwanza kwa kibano, akakilaza mahali pake, akafunga mlango mpaka kitasa kikaitika. Kichujio chenyewe kilikuwa kikaratasi cheupe cha mviringo, kipana kama sarafu. Kilikuwa kimeshinda siku nzima kwenye ukosi wa mfanyakazi wa kinuni, kimeunganishwa na pampu ndogo ya kiunoni, kikivuta hewa ileile aliyoivuta yeye. Mashine ilikipiga miale kwa dakika arobaini, ikigeuka taratibu, na miale iliyorudi ikachora mstari kwenye kompyuta.

Mawe yana msimamo kuliko watu. Kila jiwe huirudisha miale kwa pembe yake, leo na kesho, wala halibadilishi kauli likiona bosi. Udongo wa mfinyanzi una pembe yake, chokaa ina yake. Kwatzi, lile jiwe gumu linalometameta kwenye mchanga, husimamisha kilele chake kwenye digrii ishirini na sita na nukta sita. Likisagwa likawa vumbi la kuvutwa puani, huingia kifuani mwa mtu na halitoki tena.

Mstari haukuja safi. Ulikuja umejaa chenga, kama televisheni yenye antena mbovu. Kwa hiyo mpimaji alibonyeza kitufe kilichoandikwa LAINISHA. Kompyuta ikaichukua kila nukta, ikawauliza majirani zake wa kushoto na wa kulia wanaishije, ikaiambia nayo iishi hivyohivyo. Nukta iliyojiinua peke yake ilishushwa, iliyozama ikapandishwa. Mstari ukatulia kama shuka lililopigwa pasi, na chini ya skrini, juu ya meza, yakaanguka maranda.

Yalikuwa meupe, laini kuliko unga wa ngano. Marehemu baba yake mpimaji alikuwa seremala, na alimfundisha mapema kwamba hakuna randa isiyotoa maranda: ukilainisha kitu, ulichokitoa lazima kiende mahali. Basi aliyazoa kwa brashi ya rangi na kuyatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kwa miaka sita alikuwa amejaza makopo manne, la tano lilikuwa nusu. Hakuyatupa kwa sababu hakuna aliyemwambia ayatupe, na katika kiwanda kile aliyetupa kitu bila fomu alikuja kukitafuta kwa fomu tatu.

Kinuni, mahali mawe yanaposagwa kabla ya kuwa vigae, walifanya kazi watu kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa mjomba wake. Seremala alipofariki, mjomba ndiye aliyemchukua. Alimpeleka shule kwa baiskeli miaka saba, mvua na jua, na kwenye kila mlima alimpa pole kwa uchovu wa kukaa. Sasa alikuwa na kikohozi cha mwaka wa tatu. Alikiita mpangaji. Analala kwangu, alisema, hachangii hata maji, na notisi nimempa mara tatu.

Sheria ilikuwa nyepesi kuielewa. Kila baada ya miezi minne ripoti ya vumbi ilipelekwa kwa mkaguzi wa serikali. Kilele cha kwatzi kikivuka mstari mwekundu, kinu kinasimamishwa mpaka yafungwe mabomba ya kuvuta vumbi, na waliokaa humo zaidi ya miaka kumi wanahamishiwa ghala la kupakia, penye madirisha makubwa. Mjomba alikuwa na miaka kumi na tisa kinuni. Aliomba kuhamishwa mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba karatasi haijasema. Hakununa. Mkewe alipomsihi aiache kazi ile kabla haijamfunga kifua, alimjibu, "Hewa yangu inapimwa na mpwa wangu. Yule hata nikivaa soksi mbili tofauti ananiambia. Angeona kitu, angenyamaza?"

Maneno hayo yalimfikia mpimaji, na yalimpa raha. Miaka mitatu yalimpa raha.

Jumatano moja, saa ya chai, mjomba alipanda ghorofani kumrudishia mwavuli. Akajimiminia chai kwenye kikombe cha mpwa wake bila kuomba, akaona kopo la maziwa rafuni, akalifungua, kijiko mkononi.

Maranda yakainuka. Hayakuruka. Yaliinuka polepole kama watu wanaotoka mkutanoni, tena si yote, labda vijiko sita, yakavuka meza na kuingia kifuani mwa mjomba kupitia pale alipokosa kifungo. Yaliyobaki yalitulia koponi. Mjomba akarudisha kifuniko.

"Maziwa yako yana haraka," alisema. "Nitakunywa ya rangi."

Kisha ukutani mbele yake ikatokea pete ya mwanga.

Ilikuwa nyembamba, nyeupe yenye ubuluu kwa mbali, na mviringo wake haukuwa na kasoro hata ya unywele. Ilikuwa imeundwa kwa vijipunje visivyohesabika, kila kimoja kikimeta kivyake, kama anga ya nyota iliyokunjwa ikafanywa bangili. Ilitoka kifuani mwake. Alipovuta pumzi vijipunje viliwaka, alipoitoa vilififia kidogo. Aliposogea nyuma pete ilitanuka, aliposogea mbele ilijikusanya. Mpimaji alikuwa amesoma kwamba ndani ya jiwe mna mpangilio, safu juu ya safu, uliokuwapo tangu kabla halijakuwapo jicho la kuuona. Alikuwa ameujibia mtihani na kufaulu. Hakuwa amewahi kuuona umesimama ukutani, unapumua.

Alitoa futikamba kwenye droo. Kutoka kifua hadi ukuta palikuwa mita mbili. Kutoka katikati ya pete hadi ukingo, mita moja kamili. Akamwomba mjomba arudi nyuma hadi mlangoni, ikawa mita tatu, na pete mita moja na nusu. Mjomba alisimama mikono juu kama anayepimwa suti, akamkumbusha asisahau mifuko. Popote aliposimama, pete ilikuwa nusu ya umbali. Mpimaji hakuhitaji kikokotoo. Pembe inayotoa nusu ni digrii ishirini na sita na nukta sita.

"Ni nini hiki?" mjomba aliuliza.

"Ni kwatzi, mjomba."

"Ya nani?"

"Yako."

Mjomba aliitazama kwa muda mrefu, na chai ikapoa mkononi. "Miaka kumi na tisa," alisema, "na sikujua kama nina kitu kizuri namna hii." Kisha kengele ikalia, akanywa chai yake kwa mkupuo na kurudi kazini. Pete ilimtangulia ukutani kwenye ngazi, ikipinda kila ngazi zilipopinda.

Mpimaji alibaki akiitazama mashine. Pembeni mwake, chini ya selotepu iliyopauka, palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa wino wa bluu: UPANA 51. Ndiyo idadi ya nukta ambazo kompyuta ilizichanganya kila iliposawazisha moja: yenyewe, majirani ishirini na tano wa kushoto na ishirini na tano wa kulia. Kiliandikwa na mzee aliyemtangulia, zama ambazo taa ya eksirei ilikuwa imechoka na chenga zilifunika kila kitu. Mwaka alioajiriwa yeye, taa ilibadilishwa. Kikaratasi hakikubadilishwa. Siku ya kwanza alionyeshwa choo, kabati la makoti na kile kikaratasi, akaambiwa asikiguse, naye ni mtu msikivu.

Sasa kilele cha kwatzi ni chembamba kama mwiba. Hakizidi nukta kumi. Kikiulizwa mbele ya majirani hamsini, hakuna anayekifahamu.

Akafungua chati ya mjomba ya Jumatatu iliyopita, akaweka upana wa tano, akabonyeza. Zilibaki chenga kidogo, kama ndevu za siku mbili, na katikati yake kilele kikasimama, kikafika mara tatu ya mstari mwekundu. Akafungua ya mtu wa pili, akafungua ya wa tatu. Vilele vyote vilisimama, kama watu waliokuwa wanangoja waitwe. Miaka sita alikuwa anavipiga pasi kimoja baada ya kingine, kwa kidole kilekile anachovalia pete ya ndoa ya mama yake. Alikitazama kile kidole. Kisha akachapa chati kumi na mbili na kwenda nazo kwa meneja.

Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Alizipitia chati zote bila pupa. Akaeleza kwamba upana wa hamsini na moja ndio utaratibu, umepigwa muhuri, na ripoti iliyopimwa kwa upana mwingine haiwezi kulinganishwa na zilizotangulia, na isiyolinganishwa haipokelewi. Mpimaji akaeleza kwamba taa ilikwisha kubadilishwa. Meneja akasema analijua hilo, taa ile aliipokea yeye.

Nje kinu kilikuwa kikinguruma, na kalamu zikitetemeka mfukoni.

"Na ripoti za nyuma, dada," meneja aliuliza, "zina saini ya nani?"

"Yangu."

"Basi tusiwachanganye watu." Akazigeuza chati kifudifudi, akaweka kikombe juu yake.

Habari za pete zilifika kinuni kabla ya mwenye pete. Kesho yake, saa ya chai, watu kumi na mmoja walipanga foleni kwenye ngazi, kama wanaochukua barua posta. Kila mmoja alipofika mezani, mpimaji alifungua makopo, na maranda ya mhusika yakainuka na kumwingia. Hayakumkosea mtu. Yule waliyemwita Mnara kwa urefu wake ilibidi ainame, kwa sababu yake yalifika usawa wa mkanda yakachoka. Yule waliyemwita Bwana Harusi, aliyeanza kazi miezi miwili tu nyuma, alipata kiasi cha kunasa kwenye ncha ya kisu, na pete yake ilikuwa hafifu kiasi cha kutafutwa. Wenzake walimwambia asijali, akae tu, itakua. Aliona haya akacheka.

Kwenye kopo la kwanza vilibaki vijiko vinane ambavyo havikumwinukia mtu. Wote walijua ni vya nani. Walikuwa watu wawili, na walikwisha kuzikwa. Mnara alirudisha kifuniko, akaliweka kopo rafuni, akahakikisha lebo inatazama mbele.

Siku hiyo mpimaji alishuka kinuni kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Ni ukumbi mrefu usio na madirisha, kuta zake za saruji, na katikati ngoma kubwa ya chuma inayozunguka na mawe tumboni. Taa sita za dari zilikuwa zikiwaka na hakuna aliyezitambua. Pete kumi na mbili zilikuwa zinatembea kutani. Mtu alipoinama na koleo pete yake ilishuka, alipogeuka ilipita juu ya dari na kuangukia ukuta wa pili. Zilipishana, zikakatana, na kila zilipokatana vijipunje viliongezeka kung'aa. Kwa kuwa hewa ilijaa vumbi, uliweza kuona hata njia ya mwanga wenyewe, tangu kifuani hadi ukutani, kama mahema kumi na mawili ya nuru yaliyolazwa ubavu, kila hema na mtu wake kileleni. Mpimaji alivua kofia ya usalama bila kukusudia. Alikaa pale mpaka zamu ikaisha. Alijua kila kijipunje kilikuwa kinafanya nini ndani ya mwenye nacho, alijua mpaka kwa namba, na hata hivyo hakuweza kuondoa macho.

Mkaguzi wa serikali alikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata, na fomu ya kurasa tisa. Mpimaji alikuwa amelala amejiandaa na ameamka amejiandaa. Meneja akiwa hapohapo, alimpa chati za upana wa tano, akamweleza habari ya taa, ya kikaratasi na ya kidole chake. Alisema saini ni zake, na yuko tayari kuulizwa. Alisema mjomba wake yumo mle. Akaomba jambo moja tu, kinu kisimamishwe.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza bila kutazama saa. Akashuka kinuni, akasimama katikati ya ukumbi mpaka pete zikapita juu ya shati lake jeupe, moja baada ya nyingine, na hakuzipangusa. Alisema ana miaka ishirini kwenye kazi hii na hajapata kuona kitu kama hiki. Mpimaji akampa futikamba. Alipima mwenyewe kwa Mnara, kwa mjomba, kwa Bwana Harusi ambaye ilibidi asogezwe karibu na ukuta, na kila mara akapata nusu. Alipovua miwani kuifuta, macho yake yalikuwa yamelowa, na haikuwa vumbi peke yake.

Kisha akafungua fomu. Sehemu ya vumbi ilisema: ambatisha chati iliyolainishwa, upana 51. Meneja alikuwa nayo tayari, kwenye bahasha. Mkaguzi akaiambatisha. Akaendelea kufunua karatasi, na kusema haki alitafuta kweli, akisoma kila kichwa kwa kidole: sakafu, ngazi, vyoo, vizima moto. Pete hazikuwa na mahali. Kwenye ukurasa wa saba akasimama, uso ukamchangamka, akaandika kwa mwandiko mzuri. Akamgeuzia mpimaji asome, kama mtu aliyeleta zawadi.

Chini ya kichwa cha TAA aliandika: Mwanga wa kutosha.

"Nimewaingiza," alisema. "Angalau wamo kwenye ripoti."

Baada ya siku kumi fundi umeme alikuja na ngazi, akazifungua taa sita za kinuni na kwenda kuzifunga kwenye korido ya ofisi, ambako watu walikuwa wanajikwaa. Tangazo lilieleza kwamba hatua hiyo inafuata matokeo ya ukaguzi. Kinu hakikusimama hata kwa muda wa kufungua taa. Watu walimwangazia fundi.

Jumapili mpimaji alikwenda kwa mjomba. Mchana ulikuwa mweupe, lakini mapazia yalifungwa, kwa sababu mke wa mjomba alikuwa anashona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi, na hakukuwa na mwanga wa jua uliofanya kazi hiyo vizuri kama kifua cha mumewe. Alikuwa amemkalisha umbali wa mita moja kutoka cherehani na kumkataza kutikisika. Mjomba alimwambia mpwa wake aketi popote, ila asipite mbele ya taa.

Mpimaji hakuketi. "Mjomba, ni mimi," alisema. "Miaka sita. Kila Jumatatu nilikuwa naitoa kwatzi yako kwenye chati kwa mkono wangu, halafu naandika hewa ni safi."

Cherehani ilinyamaza. Mjomba alitaka kujibu, mpangaji akamtangulia. Alikohoa mpaka pete ikatetemeka na vijipunje vikamwagika ukutani kama mchele kwenye sinia, kisha, kimoja kimoja, vikarudi kwenye duara.

"Ulijua?" aliuliza alipoweza.

"Sikujua."

"Na sasa unajua."

"Sasa najua."

"Na kesho ni Jumatatu."

Mke wa mjomba alikata uzi kwa meno, bila kumtazama yeyote. Akasema kwamba yeye alionya habari ya kifua hicho miaka mitatu iliyopita, bila mashine, na akajibiwa habari za soksi.

Mjomba akacheka, akaangalia chini. Zilikuwa mbili tofauti, na hakuna aliyekuwa amemwambia. "Mpwa," alisema, "njoo upime basi. Tuone kama imekua."

Alipima. Mita moja, na nusu yake nusu mita. Alimwambia pembe haikui, mjomba, hiyo ni ya jiwe na haitabadilika hata sisi sote tukiisha. Kinachozidi ni ung'avu. Mjomba akataka kujua ni kiasi gani. Mpimaji akachukua gazeti mezani, akalisogeza kwenye pete. Siku ile ya kwanza, pale ofisini, mwanga wake ulitosha kusoma vichwa vya habari. Sasa alisoma habari yenyewe, mpaka yale maandishi madogo ya chini.

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi, alifungua kabati la mashine, akachukua kichujio cha kwanza kwa kibano, akakilaza mahali pake. Dakika arobaini. Mstari ukaja na chenga zake, na katikati ya chenga, kwa anayejua pa kutazama, mwiba. Akauandika urefu wake kwa penseli nyuma ya karatasi, upande ambao hakuna fomu inayouhitaji. Kisha akabonyeza.

Maranda yakaanguka mezani. Hakuchukua brashi, wala hakuchukua kopo. Aliinuka akafungua mlango, na maranda yakainuka yenyewe, yakapita mbele yake kwa mstari mwembamba, yakafuata korido chini ya zile taa sita, yakapinda kwenye ngazi na kushuka kwenda kumtafuta mwenyewe. Hakuufunga mlango siku nzima. Wahasibu waliopita waliyapisha, kama unavyompisha mtu aliyebeba kitu.

Saa kumi na moja jioni chati kumi na mbili zilikuwa zimekamilika, zote zimetulia kama shuka. Alizipanga, akatia saini kwenye kila moja. Huko chini kinu kilikuwa kinasaga, na hakuna aliyehitaji taa.